Mwalimu wa Sanaa Ana Zamu Mbili



Katika vikao vya matawi tumelisikia swali hili mara nyingi, tena likiulizwa kwa kicheko: mtu anayechora picha na kuchonga sanamu, huku akipokea mshahara wa kufundisha chuoni, ana taabu gani ya kazi? Tumelichagua liwe somo letu kwa sababu wako watoto wetu wenye mikono ya kuchora. Tena wengi wetu tukitoka kiwandani au shambani tuna kazi ya pili nyumbani: huyu anasuka vikapu, yule anatengeneza viti au ngoma.

Kwanza tuijue kazi yenyewe. Mwalimu wa uchongaji haandiki ubaoni akaondoka. Huzunguka kwa kila mwanafunzi, hushika patasi kumwonyesha, huangalia udongo usikauke, hulinda tanuri. Halafu kuna kusahihisha na mikutano. Jioni inapofika, anatakiwa aanze kazi yake mwenyewe, na jicho lililoshinda likitazama makosa ya wengine limekwisha choka. Lakini asipofanya kazi yake mwenyewe, baada ya miaka michache atakuwa anafundisha mambo ya zamani tu.

Mfano wa karibu tunao hapa Kampala. Mwaka 1937 Bibi Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa Makerere, madarasa ya kwanza yakiwa barazani kwa nyumba yake. Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa Gregory Maloba kutoka upande wa Mumias, Kenya, ambaye baadaye akawa mwalimu hapo hapo. Mwaka 1962, akiwa bado mwalimu, alitengeneza Sanamu ya Uhuru, ile ya zege inayoonyesha mtu aliyezungushiwa vitambaa akimwinua mtoto juu. Wengi wetu tumepita chini yake bila kufikiri kwamba aliyeijenga alikuwa na madarasa ya kufundisha.

Wenzetu waliochanganya zege wanajua: likishalowa halingojei kengele. Huwezi kumwaga kidogo, ukaenda darasani, ukarudi. Anayechora kwa rangi za mafuta ana nafuu, kwa maana rangi hizo hukauka polepole na picha inaweza kungoja hata wiki. Mchonga sanamu anahitaji siku nzima nzima, na siku hizo mara nyingi hupatikana likizoni. Ndiyo sababu likizo ya mwalimu wa sanaa isihesabiwe kuwa usingizi.

Mwingine ni Jonathan Kingdon, mzaliwa wa Tabora. Alifundisha Makerere kuanzia mwaka 1960 hadi 1973, na huku akichora na kuandika juu ya wanyama wa Afrika Mashariki. Mfululizo wa vitabu vyake juu ya wanyama hao ulianza kutoka mwaka 1971, na vya mwisho katika mfululizo huo vilitoka 1982. Kazi ya namna hiyo haiwezekani bila mshahara wa kila mwezi unaomlisha mtu wakati kazi haijaleta hata senti moja. Hapo kufundisha kunaisaidia sanaa, na tusikubeze.

Lakini mshahara ukianguka, zamu zote mbili huanguka. Katika miaka ya 1970, wakati wa utawala wa Amin, walimu wengi walikimbia nchi, na thamani ya fedha ikashuka hata mshahara wa mwezi usinunue chakula cha mwezi. Waliobaki walilima na kufanya biashara ndogondogo ili wale. Francis Nnaggenda, aliyekuwa akifundisha Nairobi, alirudi Makerere mwishoni mwa miaka hiyo. Katika miaka ya 1980, vita vikiendelea, alichonga katika mti sanamu ya majeruhi wa vita, mtu aliyepoteza viungo lakini bado amesimama. Imewekwa katika maktaba kuu ya Makerere. Mwenye nafasi aende akaione.

Wala tusidhani shida ya malipo iliisha na vita. Mwaka 2016 walimu wa Makerere waligoma wakidai malimbikizo ya marupurupu yao, na tarehe 1 Novemba Rais aliamuru chuo kifungwe. Kilifunguliwa Januari 2017. Wasomi wenye digrii waligoma kwa sababu ile ile inayomgomesha mchuma chai.

Lipo jambo jingine ambalo baadhi ya wasanii hawapendi kulisikia. Mwalimu akipata kazi ya kulipwa, kwa mfano sanamu ya benki, mara nyingi wanafunzi humsaidia kubeba na kuchanganya. Siku ya kwanza hilo ni somo. Mwezi wa pili, mwanafunzi anayebeba zege bure kwa kazi ambayo mwalimu analipwa ni kibarua asiye na ujira, na sisi hatuna jina jingine la kumwita.

Kwa hiyo mwalimu wa sanaa, kabla ya kutia sahihi, auangalie mkataba wake kama tunavyoangalia wetu. Vipindi ni vingapi kwa wiki? Karakana ya chuo anaweza kuitumia usiku na siku za likizo? Akitengeneza kitu humo kwa vifaa vya chuo, ni mali ya nani?

Swali hilo la mwisho tunawaachia ninyi mlijadili tawini. Fundi akitumia mashine ya kiwanda saa ya mapumziko, akajitengenezea jembe kwa chuma chake mwenyewe, jembe hilo ni la nani? Na chuma kikiwa ni mabaki ya kiwanda, je? Katibu wa tawi aandike majibu ayalete kabla ya somo lijalo.