Tokeni Imechelewa? Fuata Mnyororo Kabla ya Kulipa Tena

Uko Keroka, umelipia tokeni ya stima, dakika kumi zimepita na mita bado inasoma sufuri. Wengi wetu hapo hulipa mara ya pili. Tunakuomba ungoje kidogo, kwa sababu hiyo mia mbili ya pili huenda ndiyo nauli yako ya kesho kwenda Kisii mjini.

Malipo ya tokeni hupita hatua nne, na kila hatua hutegemea iliyotangulia:

- Simu yako hutegemea mnara wa mtandao, ile busta.
- Busta nayo hutegemea stima, betri au jenereta.
- Mfumo wetu hukata salio na kuwajulisha Kenya Power.
- Kenya Power hutengeneza zile tarakimu 20, kisha unazipata kwa SMS.

Ukishajua nani anamtegemea nani, kanuni zinajitokeza zenyewe:

1. Mtandao umepotea? Usibonyeze tena. Ukirudi, angalia salio kwanza.
2. Salio halijapungua na hujapata SMS ya malipo? Angalia taarifa ya akaunti. Kama malipo hayamo, jaribu tena.
3. Salio limepungua, tokeni hakuna? Pesa imeshatoka kwako, kwa hivyo tatizo liko hatua za mbele. Usilipe tena. Piga *977# ya Kenya Power uitafute tokeni yako.
4. SMS ya malipo ina namba ya mita usiyoijua? Mnyororo ni mzima, ila tokeni imeenda kwa mita nyingine. Tupigie mara moja.

Hata sisi tunafanya kazi hivyo hivyo. Wateja wa Suneka, Nyamira na Kebirigo wakikosa tokeni kwa wakati mmoja, hatukagui simu moja moja. Tunauliza: wote hawa wanategemea nini? Kama kutumiana pesa kunaenda sawa na ni tokeni tu zinazokwama, basi tunaangalia njia ya kwenda Kenya Power. Kanuni inayofuata ni kusimamisha malipo ya tokeni kwa muda, pesa ya mtu mwingine isikwame pia.

Hifadhi ile SMS ya malipo hadi tokeni iingie kwenye mita. Na mtu akikupigia akidai "anaifungua" tokeni yako kwa PIN, kata simu. Hakuna hatua yoyote kati ya hizi inayohitaji umtajie mtu PIN.