Kusafisha udongo wenye sumu: kazi ya kujifunza wakaaji wenyewe

Katika kooperative zetu nyingi mkulima na mchimba dhahabu ni mtu mmoja. Asubuhi anapalilia mihogo, mangaribi anatwanga mawe nyuma ya nyumba. Ni kwa sababu hiyo somo la leo tunalichukua mbali, katika jimbo la Zamfara, kaskazini-magharibi ya Nijeria.

Mwaka wa 2010, watoto wadogo wa vijiji kama Yargalma na Dareta walikuwa wanashikwa na degedege na kufa. Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) walipopima damu walikuta plombo, ile madini nzito ya ndani ya betri za gari. Vitabu vinaiita risasi. Mawe ya dhahabu ya kule yalikuwa na plombo nyingi. Watu waliyasagia ndani ya lupango, hata kwa mashine za kusagia unga, na vumbi likaenea kila mahali. Mtoto anatambaa, anatia mkono kinywani, basi. Watoto zaidi ya 400 walikufa.

Dawa ya kutoa plombo mwilini ipo. Lakini inasaidia nini kama mtoto anarudi kucheza katika vumbi lilelile? Njo maana ilibidi nyumba zisafishwe kwanza. Kijiji cha Bagega kilingojea pesa za kazi hiyo mpaka 2013, na muda huo wote watoto wa pale walikosa matibabu.

Nani alisafisha? Wataalamu kutoka nje walikuwa wachache. Walileta chombo cha kupima udongo papo hapo na wakafundisha. Waliotoa udongo ni wakaaji, kwa jembe, chepeo na mifuko. Waliondoa tabaka la juu, wakalizika katika mashimo nje ya kijiji, kisha wakaleta udongo safi kufunika pale palipochimbwa. Wakati wa mvua barabara zilifungwa na kazi ikasimama.

Sasa tuone mafunzo ya kazi kama hii yanapaswa kuwa na nini. Watu wengi wanapenda kuanza na vyombo. Siye tunasema: muanze na njia ya kurudi nyumbani. Mfanyakazi anayetoka kazini na nguo zake, akambeba mtoto wake, amemletea sumu ile aliyolipwa kuiondoa. Nguo na viatu vya kazi vibaki kwenye kazi, vifuliwe kule, mbali na kisima. Mtu anawe mikono na uso kwa sabuni mbele ya kula, kunywa ao kuvuta sigara, na aoge mbele ya kwenda. Kwa hiyo bidoni za maji na sabuni ziwe pale tangu siku ya kwanza. Kama hazijafika, kazi isianze, hata kama mgeni mkubwa anangojewa.

Udongo umwagiwe maji kidogo mbele ya kuchimba. Musifagie pakavu hata siku moja. Kitambaa cha kufunga puani hakizuii vumbi laini, inahitajika maski ya vumbi. Muanze ndani ya nyumba, mutoke kuelekea mlangoni, musikanyage tena palipo safi. Shimo liwe mbali na visima na mito, mahali ambapo maji ya mvua hayafiki, na lifunikwe vizuri. Wanawake wenye mimba na watoto wasikaribie. Mwisho mupime tena, kwa sababu macho hayaoni plombo.

Mambo hayo hayafundishwi kwa daftari na kalamu ukumbini. Mtu ajifunze katika lupango moja, mbele ya anayejua, mpaka mikono izoee. Na alipwe: kazi ya hatari isiitwe salongo.

Hatusemi kwamba mawe ya Kamituga ao Mongbwalu ni sawa na ya Zamfara. Bila kupima hakuna anayejua. Sumu tunayoijua zaidi kwetu ni zebaki, ile merkire ya kukamata dhahabu. Hiyo ina kanuni zake: mvuke wake unaingia mapafuni, basi musiichome jikoni, na ikimwagika musiifagie. Mafunzo ya plombo hayatoshi kwa zebaki.

Na lupango iliyosafishwa itachafuka tena wiki ileile kama kusaga kunarudi nyumbani. Mahali pa kusagia pahamishwe kwanza, mbali na nyumba na maji.

Ya kuzungumzia katika mkutano:

Kwetu mawe yanasagiwa wapi, na mihogo inaanikwa wapi?
Kuna mashine inayosaga mawe na unga pia? Ni ya nani, na nani ataenda kuongea naye?
Anayechoma zebaki anachomea wapi, na watoto wanalala wapi?

Muchore majibu kwenye karatasi moja kubwa, sawa ramani ya kijiji, na muilete siku animateri atakapopita.