Chupa Iliyopungua Kabatini

Maandiko ya somo: Kumbukumbu la Torati 22:8, Yohana 7:51, Wagalatia 6:1, Filemoni 1:10-18

Lengo la somo: Kujua la kufanya unapogundua kwamba dada anayekulelea watoto anakunywa pombe iliyo nyumbani kwako, bila kumhatarisha mtoto na bila kumdhulumu dada.



Kuna sheria moja ya Musa ambayo wahubiri wengi tunairuka. Mungu aliwaambia Waisraeli kwamba mtu akijenga nyumba mpya aizungushie dari ukingo, mtu asije akaanguka na nyumba ikawa na hatia ya damu. Siku zile dari zilikuwa tambarare na watu walizitumia. Rahabu alianika kitani darini. Petro alipanda darini kuomba. Kwa hiyo dari ilikuwa mahali pa kawaida, tena pa hatari.

Angalia Mungu anaanza na nani. Haanzi kwa kuuliza kama aliyeanguka alikuwa mzembe. Anaanza na mwenye nyumba: ukingo uko wapi? Shika hilo, tutalirudia.

Yaliyotokea katika nyumba moja

Familia moja imeniruhusu nisimulie yao. Si ya ushirika wetu, na nimebadilisha mambo madogo ili wasitambulike. Baba alikuwa mnywaji kabla ya kuokoka. Mama ni mhudumu wa mlangoni kanisani kwao. Wana mtoto wa darasa la pili na mwingine wa mwaka mmoja na nusu. Dada wa kazi alikuwa amekaa nao karibu miaka mitatu, na watoto walimwita anti.

Disemba moja baba alipewa kazini kikapu cha zawadi, na ndani yake kulikuwa na chupa mbili za pombe kali. Hawakuzinywa, lakini hawakuzimwaga pia. Waliziweka kabati la juu, ati siku moja watapata mgeni wa kumpa.

Mwezi wa tatu mama akifuta vumbi aliona chupa moja imefunguliwa na imepungua. Moja kwa moja akamshuku mumewe. Hakumwuliza. Alinyamaza majuma mawili, chakula kikiwekwa mezani bila neno, na baba wa watu hajui amekosa nini. Siku alipolipuka, baba alilia. Alisema, "Mama Fulani, nimeokoka miaka sita, na wewe ndiwe wa kwanza kunihesabu kama mlevi."

Walishusha chupa wakazitazama pamoja. Ya pili ilikuwa imejaa, lakini rangi yake ilikuwa nyepesi kama chai ya rangi iliyoongezwa maji mara mbili. Hapo wakaanza kukumbuka mambo. Peremende mdomoni kila jioni. Mtoto kupatikana amelowa saa kumi na moja na dada amelala fofofo. Sufuria kuungua mara mbili kwa wiki.

Sasa wewe msomaji, ungefanya nini usiku huo? Wengi wetu tungetupa begi lake nje ya geti. Tuone Neno linatuelekeza wapi.

1. Mtoto kwanza

Kabla ya hasira na kabla ya mahubiri, mtoto awe salama. Ukiwa na sababu ya kweli ya kushuku kwamba anayemlinda mtoto anakunywa mchana, usimwachie mtoto kesho yake ukisema utachunguza polepole. Omba ruhusa kazini, ita nyanya ama shangazi, ongea na jirani unayemwamini. Hii si hukumu kwa dada. Ni ukingo wa dari.

Kuna jambo lingine lisilopendeza kusema. Mtu mlevi anaweza kumwonjesha mtoto pombe ili alale. Hata kiasi kidogo ni hatari kwa mtoto mdogo, kwa sababu kileo hushusha sukari mwilini mwake na anaweza kushikwa na degedege. Ukimkuta mtoto amelegea isivyo kawaida, haamki vizuri, au ananuka pombe, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo. Usimlazimishe kutapika. Mwambie daktari ukweli wote, hata kama unaona haya kwamba pombe ilikuwa nyumbani kwa mtu aliyeokoka.

2. Chunguza kabla ya kuhukumu

Kabla ya kuangamiza Sodoma, Mungu alisema atashuka aone kama kilio kilichomfikia ni kweli. Yeye ajuaje yote! Kama Bwana alishuka kuona, wewe unahukumuje ukiwa sebuleni kwa sababu ya harufu ya peremende?

Nilisomea biashara, na huko tulifundishwa kwamba stoku ikipungua hukimbilii kumkamata karani wa duka. Kwanza unahesabu, unaandika, kisha unauliza ni nani wote wanaoshika ufunguo. Katika nyumba ile mama alimhukumu mumewe bila hesabu. Ingeweza kuwa fundi, binamu aliyelala wikendi, au kijana wa kidato cha pili. Ndiyo maana wazee walisema mkamatwa na ngozi ndiye mwizi: tafuta ngozi kwanza.

Kuweka alama ya kalamu kwenye chupa na kuandika tarehe ni kuhesabu. Lakini kuacha chupa wazi mezani makusudi ili dada aanguke umkamate, huo ni mtego. Yakobo anatuambia Mungu hamjaribu mtu kwa maovu. Usifanye kazi ambayo Mungu mwenyewe ameikataa.

3. Msikilize

Nikodemo aliwauliza wakuu wenzake kama torati yao humhukumu mtu kabla ya kumsikia. Walimdhihaki, lakini swali lake bado linasimama, na sheria ya Kenya inakubaliana nalo. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 44, inahesabu ulevi saa za kazi, unaomfanya mtu ashindwe kuifanya kazi yake vizuri, kuwa sababu ya kumwachisha papo hapo. Lakini kifungu cha 41 kinasema kabla ya kumfuta kwa kosa la namna hiyo umweleze sababu kwa lugha anayoielewa, akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama anayemchagua, na umsikilize. Nyumba nyingi zina mfanyakazi mmoja tu. Basi mruhusu dadake au mtu mwingine anayemwamini akae naye.

Usimwite akiwa amelewa, wala mbele ya watoto. Usimpekue mwili, usimpige, usimfungie ndani, usishike kitambulisho chake. Usimtoe nje usiku. Mwulize kwa sauti ya kawaida, "Chupa hizi zimepungua. Niambie unachojua." Halafu unyamaze.

Wazazi wale walifanya hivyo Jumamosi asubuhi. Dada alikana mara moja, kisha akakaa chini sakafuni. Akasema alianza kwenye kazi ya kwanza, akiwa na miaka kumi na tisa. Nyumba ile ilikuwa na karamu kila wikendi na yeye ndiye aliyeosha glasi. Mabaki yalimsaidia kulala. Alipokuja kwa hawa hakugusa pombe zaidi ya miaka miwili, kwa sababu haikuwepo. Kisha kikapu kikaja.

4. Toa uamuzi wenye haki na rehema

Hapa tunakosea pande mbili. Wengine husema "tumesamehe" na Jumatatu wanamrudishia mtoto yule yule. Kusamehe ni jambo la mara moja, lakini imani ya kumwachia mtoto hujengwa upya polepole. Wengine humfukuza bila mshahara, ati umekunywa mshahara wako. Torati inasema mwenye kazi alipwe ujira wake kabla jua halijatua, na Yakobo anasema ujira uliozuiliwa hupiga kelele mpaka kwa Bwana wa majeshi. Sheria yetu pia inataka hata aliyefutwa papo hapo alipwe siku alizofanya kazi.

Tazama barua ya Paulo kwa Filemoni. Onesimo alikuwa mtumwa aliyetengana na bwana wake, na huenda kulikuwa na deni. Paulo hafichi deni hilo, wala hasemi ni kitu kidogo. Anasema kama lipo liandikwe kwenye hesabu yake yeye Paulo, naye atalipa. Hasara inaandikwa daftarini, halafu mtu mwingine anaibeba. Hiyo ndiyo injili, wapendwa. Na jina Onesimo maana yake ni mwenye kufaa. Yule asiyefaa akarudi kuwa wa kufaa.

Familia ile iliamua hivi. Dada hakuendelea kulea mtoto. Alilipwa mwezi wake wote na nauli. Mama alimsindikiza mwenyewe mpaka kwa dadake, na kabla ya hapo walipitia kwa daktari. Hilo la daktari ni muhimu. Mtu aliyezoea kunywa sana kila siku akiacha ghafla anaweza kutetemeka, kuona vitu visivyokuwepo, hata kushikwa na kifafa. Tunaomba na tunaweka mikono, na pia tunampeleka kwa wataalamu. NACADA wana nambari ya bure ya ushauri, 1192. Mpaka leo mama yule humpigia dada simu kila Jumapili jioni.

5. Sasa turudi darini

Paulo anawaambia Wagalatia wamrejeze aliyenaswa kwa upole, kila mmoja akijiangalia mwenyewe. Basi tujiangalie. Nani aliiweka chupa kabatini?

Najua majibu. Ni ya wageni. Ni zawadi ya bosi. Mume wangu hajaokoka bado. Ni ya kupikia. Lakini Habakuki anatamka ole juu ya anayempa mwenzake kileo. Katika hesabu kuna mali na kuna deni. Chupa ile walidhani ni mali. Kumbe ilikuwa deni, na watatu walilipa: baba kwa heshima yake, dada kwa kazi yake, mtoto kwa usalama wake.

Dada hana udhuru. Alikunywa kisichokuwa chake akiwa amekabidhiwa mtoto. Lakini ukingo ni kazi ya mwenye nyumba. Kama pombe imo kwako, imwage leo. Kama ni ya mumeo ambaye hajaamini, ongea naye kwa heshima iwekwe chini ya kufuli, kwa ajili ya watoto.

Na wewe dada wa kazi unayesoma jarida hili, maana najua mko wengi kwenye viti vyetu: kama chupa ya mwajiri imeanza kukuita, usingoje kukamatwa. Mwone mama mchungaji ama kiongozi wa akina mama. Hatutakutangaza madhabahuni. Tutakusaidia.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Ni nini kingine nyumbani kwako, mbali na pombe, kinachohitaji ukingo: dawa, pesa, simu?
2. Kwa nini yule mama alimshuku mumewe na asimwulize? Je, kuna mtu unayemshuku kimya kimya leo?
3. Tofauti ya kuchunguza na kutega mtego ni ipi?
4. Dada anayewafanyia kazi ana siku ya kupumzika na ya kuja ibadani? Nani humsikiliza yeye?

Tuombe

Bwana Yesu, uliyeandika deni letu kwenye hesabu yako, tupe macho ya kuona hatari iliyo nyumbani kwetu kabla mtu hajaanguka. Linda watoto wetu. Waponye wanaokunywa kwa siri, walio jikoni na walio sebuleni. Tufundishe kutenda haki bila ukatili, na rehema bila uzembe. Amina.