Mombasa hadi Bagamoyo kwa Gari, Matineja Wakiwa Nyuma

Mtoto wa miaka sita unamfunga mkanda, ukampa biskuti, safari ikaenda. Wa miaka kumi na tano ni abiria wa namna nyingine. Ana maoni. Atauliza kwa nini tulale Tanga ilhali Dar iko mbele, kwa nini simu haishiki, na nani aliyesema likizo huanza saa kumi na moja alfajiri. Makala haya ni ya familia za Kenya zilizoizoea Diani hadi ikawachosha, na sasa zinataka kuvuka mpaka kwa gari lao na kuifuata pwani ya Tanzania: Tanga, Pangani, Bagamoyo, kisha Dar es Salaam. Barabara haina ugumu. Kazi ni kuizuia tamaa ya kuona kila kitu kwa siku nne.

Nendeni Agosti. Likizo ya Aprili huangukia katikati ya masika, na njia za udongo karibu na Pangani hugeuka uji. Desemba kuna joto na vyumba hupanda bei. Agosti kusi inavuma, usiku una ubaridi kidogo, na shule za Kenya zimefungwa. Mkipata siku nane, zinatosha. Mkipata tano, iacheni Dar.

Karatasi zianze kushughulikiwa mwezi mzima kabla. Mkenya hahitaji viza kuingia Tanzania, lakini kila mtoto awe na pasipoti yake. Beba nakala ya cheti chake cha kuzaliwa, na kama mzazi mmoja anabaki nyumbani, barua yake ya idhini iliyosainiwa. Halafu kuna kadi mbili za njano, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni ya mwili: cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ambacho Tanzania hukidai kwa wanaotoka Kenya. Chanjo hiyo huchomwa mara moja maishani, lakini cheti huanza kufanya kazi siku kumi baada ya sindano, kwa hiyo kuchanjwa juzi hakusaidii. Ya pili ni ya gari: Kadi ya Njano ya COMESA, yaani bima ya kuwafidia wengine mkisababisha ajali nje ya nchi. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini ikabaki katika mpango huo wa bima. Mwombe wakala wako wa bima akutolee kabla hamjaondoka.

Beba logibuku ya gari. Kama gari lina mkopo, benki ikuandikie barua ya ruhusa. Kama ni la shemeji, shemeji aandike. Kwenye buti weka pembetatu mbili za tahadhari, kizima moto na tairi la akiba lenye upepo. Hilo la upepo nalitaja kwa sababu sisi tuligundua la kwetu limelala, na tulikuwa tumeshapita Msambweni.

Kutoka kisiwani Mombasa mtavuka kwa feri ya Likoni. Anayetokea Nairobi anaweza kuikwepa kwa kupitia barabara ya Dongo Kundu. Hadi Lunga Lunga ni kama kilomita mia moja. Mpaka wa Lunga Lunga na Horohoro ni kituo cha pamoja: mkienda, mihuri ya kutoka Kenya na ya kuingia Tanzania yote hugongwa upande wa Horohoro, na mkirudi ni upande wa Lunga Lunga. Forodhani gari litaandikiwa kibali cha muda. Kipigeni picha, muitazame tarehe ya mwisho, na karatasi yenyewe akabidhiwe kijana mmoja aitunze safari nzima. Waache pia wasimame foleni na pasipoti mkononi, wajibu maswali wenyewe. Afisa akimuuliza tineja anakwenda wapi, mzazi anyamaze.

Ukishavuka, mguu wa kulia uwe mwepesi. Ndani ya vijiji na miji mwendo ni kilomita 50 kwa saa, na trafiki wenye kipima mwendo, ambao Watanzania huwaita watu wa tochi, hukaa palepale kibao kinapoanzia. Faini ni shilingi 30,000 za Tanzania kwa kila kosa. Haipokelewi mkononi, unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu au benki. Kwenye kivuko cha zebra simama kabisa, hata kama anayevuka bado yuko pembeni. Kijana wa kiti cha mbele apewe kazi moja tu, ya kuita "hamsini!" kila akiona kibao. Kwetu kazi hiyo iligombaniwa.

Shilingi moja ya Kenya hupata takriban 20 za Tanzania. Kila kijana apewe bajeti yake ya siku kwa noti za huko, na zikiisha, zimeisha. Laini ya simu ya Tanzania husajiliwa kwa pasipoti na alama za vidole, hivyo mzazi asajili moja na kugawa mtandao. Ugomvi wa hapo utautatua mwenyewe.

Kuna somo jingine ambalo halimo kwenye karatasi yoyote. Watoto wetu wanadhani wanajua Kiswahili. Siku ya kwanza Tanga binti yangu alimwambia mama wa mgahawani, "Nipe chai." Alipewa, na jicho juu yake. Huko huombwa: "Naomba chai." Na mtoto anayempita mtu mzima bila "Shikamoo" huonekana hana kwao. Wafanyishe mazoezi garini, pamoja na kuitikia "Marahaba" endapo watakutana na mdogo wa kuwaamkia. Tuktuk ni bajaji, matatu ni daladala, na Sheng ibaki Lunga Lunga.

Tanga iko kilomita 65 hivi kutoka mpakani, na ningelala hapo siku mbili. Wengi huupita mji huu kwa haraka, nao ndio unaowafaa matineja kuliko yote, kwa kuwa ni mtulivu na unaweza kuwaachia wauzunguke kwa baiskeli. Kilomita chache kaskazini kuna mapango ya Amboni, ya mawe ya chokaa. Hutembezwa pango moja tu, mkiwa na kiongozi na tochi, popo juu ya vichwa. Mwambieni awasimulie Osale Otango, jambazi wa miaka ya 1950 aliyewaibia walowezi na kujificha humo. Wapo wanaomwita mwizi na wapo wanaomwita shujaa, na mabishano hayo yaliwaweka wangu macho hadi usiku. Mjini, mwambieni anayechukia historia kwamba Novemba 1914 jeshi la Waingereza na Wahindi la watu wapatao 8,000 lilishindwa hapa na kikosi cha Wajerumani na askari wao kisichofika robo ya hapo, na kwamba katikati ya mapigano nyuki walichokozwa wakawashambulia watu.

Kusini ya mji, njia ya Pangani, kuna magofu ya Tongoni: msikiti na makaburi ya nguzo kama yale ya Malindi. Vasco da Gama alipita maji haya 1498. Akirudi kutoka India mwaka uliofuata, aliichoma meli yake moja kwenye pwani hii kwa kukosa mabaharia wa kuiendesha.

Pangani ni kwa bahari. Kisiwa cha Maziwe ni fungu la mchanga ambalo maji yakijaa humezwa, kwa hiyo kabla ya kulipia mashua uliza kupwa ni saa ngapi. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji huenda mbali sana na hurudi kwa nguvu. Viatu vya kuogelea viwepo, maana mwamba una urumba, na mwiba wake haujali kijana ni bingwa wa bwawa la shule.

Toka Pangani kuna njia ya pwani kupitia Saadani hadi Bagamoyo, ambayo imekuwa ikijengwa kwa lami pamoja na daraja la mto Pangani. Ulizia hali yake Tanga, kwa madereva. Njia isiyo na wasiwasi ni kupitia Muheza, mnunue machungwa, kisha Segera, hadi Msata, mkate kushoto kwa lami hadi Bagamoyo. Hiyo ni siku ndefu kuliko zote, saa tano au sita na vituo. Waache walale.

Bagamoyo msiende kuogelea tu. Kabla ya kufika, waelezeni kwamba misafara ya pembe za ndovu na watumwa iliishia hapa, na kwamba hapa ndipo Wajerumani walipoweka makao yao makuu kabla ya kuhamia Dar es Salaam 1891. Mwaka 1874 mwili wa Livingstone ulifikishwa kwenye misheni ya Wakatoliki hapa, baada ya kubebwa kwa miguu kutoka bara na wenzake Waafrika, akina Chuma na Susi. Magofu ya Kaole yako kusini kidogo. Mwenye kupenda ngoma aulize kama kuna onyesho TaSUBa, chuo cha sanaa cha mji.

Dar, liegesheni gari. Pandeni mabasi ya mwendokasi, mle mihogo ya Coco Beach jioni. Zanzibar ina boti kutoka bandarini, lakini hiyo ni safari nyingine na bajeti nyingine.

Siku ya kurudi, fikeni mpakani kabla ya adhuhuri, na kibali cha gari kifungwe forodhani kabla hamjaendelea. Muulizeni aliyekabidhiwa karatasi mkiwa bado Tanga. Wetu alikuwa ameiweka kwenye begi la nguo chafu, chini kabisa, ikanuka samaki hadi kwa afisa.