SOMO LA WIKI: Gharama ya mwanafunzi si gharama ya mhitimu

Mfanyabiashara wa mahindi hapigi hesabu kwa magunia aliyopakia lorini, bali kwa yale yaliyofika sokoni yakiwa mazima. Vyuo vingi huhesabu yaliyopakiwa.

Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Jiji la New York, Marekani, kilianzisha mpango uitwao ASAP. Mwanafunzi husoma kwa muda wote, hupewa vitabu, na pia kadi ya treni na basi. Kadi hiyo ina sharti: lazima aonane na mshauri wake. Mshauri alikuwa na wanafunzi 60 hadi 80; nje ya mpango mmoja alibeba 600 hadi 1,500. Hapo hata majina hayakariliki.

Watafiti wa MDRC waligawa wanafunzi 896 katika makundi mawili kwa kura. Baada ya miaka 3, asilimia 40 ya walio ndani ya mpango walihitimu, nje asilimia 22. Gharama kwa kila mwanafunzi ilipanda kwa zaidi ya dola 16,000, yaani asilimia 63. Meneja mwoga angefuta mpango hapo hapo. Lakini gawa matumizi yote kwa idadi ya wahitimu: kila mhitimu aligharimu pungufu kwa asilimia 11. Ohio walipoiga kuanzia 2014, ikawa 35 kwa 19.

Ndugu msomaji unayeuza hisa ulipe ada ya mtoto, usiulize bei peke yake. Kiulize chuo: kati ya kila 100 walioingia, wangapi walimaliza kwa wakati? Na mshauri mmoja ana wanafunzi wangapi?