Ukoo wa Maboga na Mamumunye: Jinsi Ulivyoenea Duniani

Katika shamba moja la Afrika ya Mashariki huweza kuonekana boga, tikiti maji, tango na mumunye, mimea yake imetambaa pamoja juu ya ua mmoja, na mtu akadhani kwamba yote ni mazao ya nchi hii tangu zamani. Sivyo. Mimea hiyo ni ya ukoo mmoja, lakini kila mmoja umefika kwa njia yake, na mingine imekutana hapa baada ya kutengana kwa mamilioni ya miaka.

Dalili za ukoo huu si ngumu kuzijua. Mingi katika mimea yake hutambaa au hupanda juu ya miti, ikijishikiza kwa vikono vyembamba vinavyojizonga. Maua ya kiume na ya kike huwa mbalimbali, na chini ya ua la kike kijitunda huonekana hata kabla ua halijafunguka. Aina zote hukaribia 1,000, nazo hupenda nchi za joto.

Zamani undugu wa mimea ulipimwa kwa macho, yaani kwa kulinganisha maua, mbegu na majani. Kwa njia hiyo Charles Jeffrey, mtaalamu wa bustani ya Kew huko Uingereza, aliandika juu ya aina za Afrika ya Mashariki katika kitabu kilichotolewa mwaka 1967. Siku hizi huchunguzwa chembe za urithi pia. Mwaka 2009 Hanno Schaefer, Christoph Heibl na Susanne Renner walitangaza matokeo ya uchunguzi wa namna hiyo. Walitumia mimea mikavu iliyohifadhiwa katika nyumba 30 za elimu duniani, kwa maana jani lililokaushwa miaka mingi iliyopita bado laweza kutoa habari za asili yake.

Walionyesha kwamba ukoo huu ulianza Asia, wakati mijusi mikubwa ya kale ilipokuwa ingali hai. Kutoka huko ulienea Afrika, Amerika na Australia, si kwa nchi kavu tu bali kwa kuvuka bahari, tena mara zisizopungua 43 katika muda wa miaka milioni 60. Kisiwa cha Madagaska kilifikiwa mara 13, na kila mara mbegu zilitoka Afrika.

Je, mmea usio na miguu wala mabawa huvukaje bahari? Mumunye, ambalo likikauka hufanywa kibuyu, latoa jibu. Ndugu zake wa mwituni wako Afrika. Hata hivyo watu wa Amerika walikuwa na vibuyu yapata miaka 10,000 iliyopita, kabla ya merikebu yoyote kuvuka kutoka huku. Mwaka 1954 Thomas Whitaker na George Carter walieleza jinsi walivyoyaacha mamumunye yaelee katika maji ya bahari kwa siku zaidi ya 200, na mbegu za ndani zikaota. Mwaka 2005 wataalamu wengine walisema kwamba vibuyu vya Amerika vilitoka Asia pamoja na watu. Lakini uchunguzi wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba vinakaribiana zaidi na vile vya Afrika. Basi yaelekea mikondo ya Bahari ya Atlantiki ndiyo iliyokuwa mchukuzi.

Boga lilifuata njia ya kinyume. Asili yake ni Amerika, na katika pango moja huko Oaxaca, nchi ya Mexico, zilionekana mbegu za maboga yaliyolimwa yapata miaka 10,000 iliyopita. Halikufika Afrika ila baada ya safari ya Columbus ya mwaka 1492. Kwa hiyo boga, ambalo wengi hulihesabu kuwa chakula cha mababu, ni mgeni kando ya kibuyu. Tango ni la Bara Hindi. Tikiti maji ni la Afrika; kwa muda mrefu lilidhaniwa limetoka kusini, lakini mwaka 2021 ilidhihirika kwamba ndugu yake wa karibu kabisa ni tikiti jeupe lisilo chungu la Kordofan, nchi ya Sudani.

Ndugu mwingine aliye mwenyeji ni mkweme. Hupanda miti mirefu, hata mita 30, na tunda lake laweza kupita uzito wa kilo 10. Mbegu zake bapa zina mafuta mengi, na huko Kilimanjaro Wachaga huwapa wanawake waliojifungua. Mimea ya kiume na ya kike ni mbalimbali, na mkulima hawezi kuitofautisha mpaka itoe maua, jambo linalotaka subira. Ndugu yake wa karibu yuko Afrika ya Magharibi, na watu wa Nigeria hula majani yake kama mboga.

Kujua undugu huu kuna faida shambani. Wako wasemao kwamba tikiti likipandwa karibu na boga litaharibika ladha. Hofu hiyo haina msingi, kwa sababu hao ni ndugu wa mbali mno, na mbegu zao hazichanganyiki. Hatari iko kwa walio wa aina moja. Mumunye tamu la kupikwa na lile chungu la kufanyia kibuyu ni aina moja ya mmea. Maua yao meupe hufunguka jioni, na nondo huchukua chavua kutoka moja hadi jingine. Mwaka huo tunda litakuwa tamu kama kawaida. Uchungu umejificha ndani ya mbegu, nao hutokea katika mavuno ya mwaka ufuatao.

Uchungu huo ni sumu, na kuchemsha hakuuondoi. Huleta kutapika na kuhara, wakati mwingine kwa ukali sana. Kwa hiyo mpishi aonje kipande kidogo kibichi kabla ya kupika, na akikiona chungu akiteme na kulitupa tunda zima. Mbegu za tunda la namna hiyo zisichanganywe na za chakula; anayetaka vibuyu vya maziwa azipande mbali, katika shamba la peke yake.