Kabla Hujalibeba Benzi la Mtumba: Vidokezo 12 kwa Wapenda Sedani za Kifahari

Pita yadi yoyote ya Dar es Salaam, uliza bei ya Mercedes C-Class ya mwaka 2012, halafu uliza ya Toyota Harrier ya umri huohuo. Mara nyingi Benzi ndilo lenye bei ya chini. Wengi wakisikia hivyo huona wameokota dodo chini ya mwarobaini. Kumbe soko limeshapiga hesabu zake: ile tofauti ya bei ni matengenezo ambayo mwenye gari aliyepita ameyasogeza mbele, na wewe ndiye utakayeyakuta.

Sisemi usinunue. C-Class na E-Class, BMW 3 Series na 5 Series, Audi A4, Lexus IS, Toyota Crown na Mark X ni magari matamu, na likipatikana zima utakula nalo raha miaka mingi. Ila yana utaratibu wake wa kununuliwa.

1. Tafuta fundi kwanza, gari baadaye

Hiki kingetosha peke yake. Kabla hujaanza kuchungulia matangazo ya magari, tafuta gereji inayoshika magari ya aina unayoyataka kila siku, nenda ukakae pale nusu saa, uone yanaletwa na matatizo gani. Muulize fundi anatumia kompyuta gani kupima. Akikutajia Xentry kwa Mercedes au ISTA kwa BMW, umefika kwa mtu anayeijua kazi. Akikutolea kile kidude cha mfukoni, ujue kwa kawaida kinasoma injini tu. Gia boksi, mifuko ya hewa, breki na usukani vitapita bila kuulizwa.

Kisha muulize swali ambalo wanunuzi hawaulizi: ni modeli ipi ambayo yeye mwenyewe hangeinunua hata kwa bei ya bure? Andika jibu. Na kama unaishi Songea au Kigoma na fundi wa karibu yuko Dar, piga hesabu ya kulipakia gari kwenye lori kila taa ya dashibodi inapowaka. Ukiona hesabu haikai, nunua Crown.

2. Usimalize hela zote kwenye bei

Kama una milioni 30, tafuta gari la milioni 24. Hiyo ni kanuni yangu kwa gari la Mjerumani lililotumika: moja ya tano ya fedha ibaki pembeni kwa mwaka wa kwanza. Itaenda kwenye oili zote, bushi, tairi, betri, na kitu kimoja ambacho hakuna aliyekiona siku ya kununua. Isipotumika, basi umebahatika kuliko wenzako.

3. Sisi (cc) ya injini ni fedha

Kwa wanaoagiza wenyewe kuja Tanzania, ushuru wa bidhaa umekuwa ukipanda kwa ukubwa wa injini: sisi 1,001 mpaka 2,000 kiwango kimoja, ukivuka hapo kingine cha juu zaidi. BMW 320i ya petroli yenye silinda nne mara nyingi ina sisi 1,995, 1,997 au 1,998, Mercedes C200 za mwanzo za kizazi cha W205 zina 1,991. Zote zimepenya. Mark X 250G ina 2,499, iko upande wa pili wa mstari. Wapenzi wa Crown wana mlango wao: Athlete ya turbo iliyoanza kuuzwa mwishoni mwa 2015 ina sisi 1,998.

Umri nao una gharama yake. Gari likivuka miaka minane linaongezewa ushuru wa uchakavu, likivuka kumi linaongezewa zaidi. Kenya hakuna cha kuongezewa: likizidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, haliingii kabisa. Na kote kuwili, mamlaka ya mapato ina orodha yake ya thamani za magari, kwa hiyo risiti ya bei poa uliyopewa na muuzaji haimshawishi mtu. TRA wameweka kikokotoo mtandaoni. Kiendee kabla hujatuma hata senti, na ukirudie kila baada ya bajeti ya Juni maana viwango hubadilika.

4. Uliza lilikotoka

Gari la Japani kwa kawaida limetembea kidogo na bodi yake ni safi, ila skrini itakusemesha Kijapani na redio itakwama kwenye 90 au 95, huku stesheni unazozipenda ziko juu ya hapo. Fundi redio ana kifaa cha kusogeza mawimbi; kubadilisha lugha ya skrini ya Mercedes ni shughuli nyingine na ina bei yake. Kwa wanunuzi wa Kenya, angalieni pia upande wa usukani. Wapo Wajapani walionunua Benzi la usukani wa kushoto kwa maringo tu, na Kenya gari hilo halisajiliwi kwa matumizi ya kawaida.

Gari la Uingereza lina uzuri mmoja mkubwa: historia ya ukaguzi wake wa kila mwaka iko wazi mtandaoni, bure, ukiwa na namba yake ya kule. Utaona kilomita, au tuseme maili, zikipanda mwaka hadi mwaka, na mkaguzi alilalamikia nini. Ubaya wake ni chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi. Gari liinuliwe, utazame chini, usitosheke na rangi ya juu.

Singapore ndiko wanakosahau wengi. Kule kibali cha kumiliki gari hudumu miaka 10, na mwenye gari akilifuta usajili kabla ya hapo hurudishiwa sehemu ya fedha. Ndiyo maana Benzi na BMW za miaka tisa hutoka kule kwa wingi zikiwa bado zinang'aa. Kwa Mtanzania ni chaguo, mradi akumbuke ushuru wa uchakavu.

5. Isome karatasi ya mnada mwenyewe

Gari lililopita mnada wa Japani huwa na karatasi yenye mchoro wa bodi na alama. Daraja la 4 au 4.5 ni zuri, 3.5 linavumilika, ukiona R au RA, gari liliwahi kugongwa likatengenezwa. Ndani ya mchoro, A ni mkwaruzo, U ni kibonyeo, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupigwa rangi, XX ni kipande kilichobadilishwa. Namba inayofuata herufi ni ukubwa wa dosari, kwa hiyo A1 isikunyime usingizi. XX ya boneti peke yake si msiba. XX ya boneti pamoja na W za mbele kushoto na kulia, hapo uliza maswali.

Linganisha kilomita za karatasi hiyo na za cheti cha kusafirishia gari nje, kisha na za dashibodi. Kurudisha kilomita nyuma ni kazi ya dakika chache kwa mwenye mashine, lakini wengi hawajisumbui kughushi karatasi zote. Gari likisema limetembea elfu 60 huku ngozi ya usukani imechubuka na pedeli ya breki imelika upande mmoja, amini pedeli.

6. Zijue injini zenye sifa mbaya

Mercedes C180 na C200 za kizazi cha W204 nyingi zina injini ya M271 ya sisi 1,796. Ni nzuri barabarani, ila cheni ya taimingi hulegea na meno yake ya juu hulika. BMW yenye injini ya N20, ya miaka ya 2012 hadi 2015 hasa, ina tatizo la reli za plastiki zinazoongoza cheni; zikivunjika, vipande huteremka kwenye sampu ya oili na injini inaweza kufa. Dizeli ya N47 ni kisa kingine: cheni yake imewekwa nyuma ya injini, upande wa gia boksi, kwa hiyo kuibadilisha ni kazi nzito kabla hata ya kuitaja spea. Audi A4 ya kizazi cha B8 yenye 2.0 TFSI za mwanzo inajulikana kwa kunywa oili kwa sababu ya ringi za pistoni. Mwulize mwenye gari anaongeza oili mara ngapi, kisha fungua buti uone kama kuna dumu la akiba.

Msidhani Mjapani yeye ni malaika. Injini ya 4GR-FSE, ile ya V6 ya sisi 2,500 iliyo kwenye Mark X, Crown na Lexus IS250, hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Mafuta hayapiti juu ya valvu kuziosha, basi masizi hujijenga pale mpaka injini inatetemeka asubuhi na kukosakosa. Husafishwa, na fundi mzoefu anajua. Ile ya sisi 3,500, 2GR-FSE, ina injekta za aina mbili na haisumbui hivyo, ila kituo cha mafuta kitakufahamu kwa jina.

7. Fika asubuhi, bila kuchelewa

Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja kwenye boneti. Likiwa la moto, rudi kesho. Likiwa la baridi, mwombe mtu aliwashe huku wewe umesimama mbele. Unasikiliza sekunde chache za kwanza tu: mlio wa mikwaruzo kama mnyororo unaoburutwa, kisha ukimya, ndiyo cheni ileile ya kidokezo cha 6. Likishapata moto mlio huo hutausikia, na hapo ndipo dalali hupenda kukukaribisha.

8. Tafuta tuta

Lipande tuta polepole kwa mshazari, gurudumu moja baada ya jingine, redio imezimwa, vioo vimeshushwa. Mlio wa kugonga-gonga mbele ni bushi na mikono ya chini. Kwa Mjerumani mikono hiyo iko mingi na hubadilishwa pande zote mbili kwa pamoja. W205 yenye Airmatic, yaani iliyokaa juu ya mifuko ya hewa badala ya springi, ilazwe usiku kucha na itazamwe asubuhi kama kona moja imezama.

Tazama na tairi. BMW nyingi zilitoka kiwandani na tairi zinazoweza kutembea bila upepo, kwa hiyo hakuna tairi ya akiba. Kwenye mashimo yetu tairi hizo ni ngumu na rimu hupasuka. Wengi huishia kuweka tairi za kawaida na kununua ya akiba, ambayo itakaa juu ya mizigo yako kwenye buti.

9. Vuta mkanda mpaka mwisho

Ukiuvuta wote ukakuta mstari wa tope, gari limeogelea. Inua zulia la buti pia. Kwenye BMW 3 Series betri iko huko nyuma, na nyaya zikishaonja maji hitilafu zitazaana miaka miwili mfululizo. Likiwa limeogelea, usijadili bei, ondoka.

10. Gia boksi haina oili ya milele

Muuzaji atakuambia oili ya gia boksi ya BMW haibadilishwi maisha yote. ZF, wanaoitengeneza gia boksi hiyo ya spidi nane, wanashauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Nadhani wao wanaijua zaidi.

11. Karatasi, na gari jipya

Likiwa limeshasajiliwa Tanzania, namba D au E, kwanza angalia madeni. Faini za trafiki na za maegesho huonekana mtandaoni kwa namba ya gari, na ukinunua bila kuangalia zitakusalimia wewe. Kenya, chukua nakala ya kumbukumbu za gari kwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama ya kule, uone kama benki bado ina mkono wake. Gari la ubalozi huwa limetunzwa vizuri sana, lakini mara nyingi liliingia bila ushuru; ushuru huo utadaiwa likihamia kwa raia wa kawaida, basi mkubaliane mapema nani anaulipa.

Wenye uwezo wa jipya, chaguo limepungua: Toyota walifunga Mark X Desemba 2019, Lexus wakaachana na GS mwaka 2020, na C-Class iliyoingia 2021 ilikuja bila silinda sita, hata ile ya AMG. Shika jambo moja tu: dhamana iwe ya wakala wa nchini kwako, kwa maandishi. Gari jipya lililopitia Dubai linaweza kuwa na dhamana inayoishia Dubai.

12. Likishakuwa lako

Kata bima kubwa. Kisha, kabla halijalala nje hata usiku mmoja, lipeleke likachorwe namba kwenye vioo, taa na vioo vya pembeni. Kioo cha pembeni cha Benzi kina mota, taa na wakati mwingine kamera, na wezi wa Dar wanajua bei yake kuliko wewe. Kisipochorwa, kuna siku utakwenda kukinunua kwa wauza spea wa Gerezani, na kitakuingia vizuri ajabu.